Kazi au Siyo Kazi

Mgongo wa pili, ile fremu ya chuma ambayo wachukuzi huivaa mwilini, haumwangushi mtu, unamkalisha. Magoti yake ya chuma hujikunja taratibu, kama mama anavyomkalisha mtoto kwenye beseni la maji, na ukishakaa hivyo huinuki mpaka wenyewe uridhike. Mzee Kihwele alikalishwa asubuhi kweupe kwenye kona ya njia ya mawe, mzigo ukiwa bado mabegani, wenzake wakimpita huku na huku wakitazama pembeni kwa adabu. Ilikuwa mara ya tatu tangu arudi kazini kutoka kumzika mkewe.

Kioo changu cha mkononi kilitetemeka. Nilijua kitaniuliza nini kabla sijakitazama.

KIHWELE. MAPIGO 131. MWENDO: HAKUNA. KAZI AU SIYO KAZI?

Nilipanda mlima mbio. Mimi ni mpimaji, kazi yangu ni ya kukaa, na nilifika kwake nikihema kuliko yeye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mwambie huyu shetani anifungue."

"Hafungui mpaka mapigo yashuke. Vuta pumzi polepole."

"Pumzi navuta tangu nizaliwe. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyelalamika."

Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, nywele zimeanza mvi kandokando ya masikio tu kana kwamba zilikuwa zinasita. Alibeba mawe katika milima hii kabla migongo haijaletwa, enzi ambazo mtu alitumia kata ya majani kichwani na shingo yake mwenyewe. Sasa alikaa pale kwenye chuma chake akitazama juu. Nilifuata macho yake. Kutoka kona ile, na kona ile pekee, makaburi ya Itundilo yanaonekana vizuri: misalaba kadhaa ya mbao, na chini yake ukingo wa mlima ulio wazi, ambako ukuta wa mawe ulikuwa haujafika.

"Ulisimama mwenyewe, baba, kabla haujakukalisha?"

"Nilisimama kidogo."

"Kwa nini?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsamehe mgeni swali la kijinga, na mimi nikaona haya.

Milima yetu ilianza kuteremka miaka mingi iliyopita, baada ya zile mvua. Shamba lilikuwa linalala juu na kuamkia bondeni. Serikali ilileta mitambo, na mitambo nayo ikateremka. Mabuldoza manne bado yamelala mtoni, watoto wanaogea juu yake. Ndipo tukarudi kwenye matuta ya mawe yanayojengwa kwa mikono ya watu, na ili watu wasife wakijenga, tukapewa kupe.

Jina hilo ni la wachukuzi. Chombo chenyewe ni kidogo, kinanata chini ya mtulinga na hakibanduki hata kwa sabuni, kwa hiyo kupe. Kazi yake ni kuhesabu mapigo ya moyo na kuyanong'ona kwa mgongo wa pili. Moyo ukianza kupanda, mgongo unachukua sehemu ya mzigo. Ukizidi, unachukua mzigo wote. Ukizidi tena, unakukalisha. Zamani msimamizi aliamua kwa macho nani amechoka na nani mvivu, na alikuwa anakosea kila siku, na waliolipia makosa yake hawakuwa yeye. Naipenda kazi yangu kwa sababu hiyo, wala sioni aibu kusema.

Ila kuna kitu kimoja ambacho kupe hakijui. Mapigo yakipanda huku miguu imetulia, anachanganyikiwa na kumwuliza mpimaji. Nikijibu KAZI, mzigo unaandikwa kwa mlima, na ushirika wetu wa wachukuzi unawajibika kumpa mtu mapumziko yake. Nikijibu SIYO KAZI, hitilafu inaandikwa kwa mtu. Hitilafu tatu zinamwondoa njiani moja kwa moja, anapelekwa kitaluni kupanda mbegu kwenye vikopo, na hakuna rufaa.

Mara mbili za kwanza nilijibu SIYO KAZI. Mtu alikuwa amesimama tu, ningejibu nini? Ya tatu niliiacha wazi. Kanuni ilinipa mpaka kesho yake jua likizama.

*

Chumba cha kimya ndicho chumba kizuri kuliko vyote pale ushirikani. Kina kitanda chenye godoro la kweli, pazia zito, na mlango unaofunga bila sauti. Kila mchukuzi hulala humo peke yake, mara kwa mara, ili kupe asikilize moyo wake ukiwa hauna kazi. Namba inayopatikana tunaiita pumziko. Namba ya juu kabisa ambayo moyo wako unaiweza tunaiita dari. Nafasi iliyo kati yake ni akiba yako, na akiba ndiyo kila kitu. Kazi ikila theluthi ya akiba kwa siku nzima, imetosha. Ikila nusu, sasa inamla mtu. Kwa hiyo pumziko likikosewa, hesabu zote zimekosewa, kama nyumba ambayo fundi aliivutia kamba iliyopinda.

Pumziko la Mzee Kihwele lilikuwa sitini na mbili, mwaka baada ya mwaka, moyo wa mtu aliyezoea milima. Siku ile nilimlaza, nikafunga pazia, nikatoka. Kioo kikaniandikia tisini na nne. Nikasubiri. Tisini na sita.

Nilikuwa nimeshaupima upya uzito wa njia. Nilimvalisha Erasto, mchukuzi wa rika lake na umbo lake, kupe wa majaribio, nikamtuma juu na jiwe la ukubwa ule ule. Njia ilikula robo tu ya akiba yake, naye alirudi akinisimulia habari za mbuzi wake. Kumbe jiwe halikuwa na kosa. Mzee Kihwele alikuwa anaamka asubuhi theluthi nzima ya moyo wake imeshaliwa, kabla hajagusa chochote.

Nilipoingia, alikuwa ameketi kitandani, viatu vimepangwa sawasawa sakafuni.

"Ngapi?" akauliza.

"Tisini na nne."

"Basi iandike. Iwe ndiyo pumziko langu. Wewe una ruhusa ya kuandika kwa mkono, najua."

"Ninayo."

"Sasa?"

"Baba, nikiandika tisini na nne, mgongo utaamini kwamba hivyo ndivyo ulivyo ukipumzika. Utakuacha ubebe. Moyo utakuwa unakimbia, wenyewe unaona umelala. Na siku utakapozidiwa kweli hautakusaidia, kwa sababu mimi nitakuwa nimeuziba macho."

"Uzibe. Tulibeba bila macho yake miaka yote."

"Kule Mlima wa Pili mpimaji mwenzangu alifanya hivyo. Kijana alikuwa na mawazo yake, akaomba, mwenzangu akamhurumia. Walimteremsha kwa njia ile ile aliyopandia, amefunikwa shuka. Nilikuwepo kwenye mazishi."

Alikuwa mtu wa haki, hakuweza kujifanya hajasikia.

"Mama," akasema baadaye, "mvua zipo mlangoni. Ukuta umebakiza kipande kile cha chini ya makaburi. Unaelewa mlima ukiteremka pale utateremka na nani?"

"Wenzako wataujenga, baba. Wameapa."

"Najua watajenga. Ni watu wazuri. Na mimi? Nikae kitaluni na vikopo, nasikia watu wengine wanampangia mke wangu mawe?"

Nilimwuliza, kwa sababu ndilo swali ambalo kanuni inatutaka tuulize, kama kuna kitu kilimsumbua alipokuwa amelala humo chumbani.

"Hakuna."

"Kelele? Joto?"

"Nimesema hakuna. Hakuna kitu humu. Hata nyumbani sasa ni hivyo hivyo. Nalala nasikiliza, na hakuna."

Akavaa viatu vyake akaenda zake.

*

Mwenyekiti wa ushirika wetu alikuwa Bwana Msigwa. Ni rahisi kumsimulia kama mtu mbaya, kwa kuwa ndiye aliyeshika kanuni, lakini Leokadia, marehemu mke wa Kihwele, alikuwa binamu yake, na macho yake yalikuwa mekundu mwezi mzima ule.

"Mjibu huyo kupe, Nakijwa," aliniambia. "Kitalu siyo jela."

"Kwake ni jela."

"Afadhali jela kuliko shimo. Au unataka tuchimbe la pili kando ya lile?" Akajifuta uso. "Tumemfanyia yote tuliyoweza. Tumempa siku za kimya, tena nikamwongezea."

Siku za kimya zilianza baada ya msiba mmoja wa nyuma, wakati tulipokuwa bado hatujawazoea kupe. Watani wa Wahehe, wale wenye haki ya kufanya mzaha hata msibani, walikuja na vituko vyao kama kawaida, waombolezaji wakacheka mpaka wakagaagaa, mapigo ya nusu ya kijiji yakaruka, na migongo iliyokuwa imetundikwa ghalani ikajikunja yote kwa pamoja ikaketi. Ofisi ya mkoa ilituuliza kuna nini. Tangu hapo tuliamua kwa nia njema kabisa kwamba mwenye msiba aachwe apumzike. Watu wazike, wale, waondoke mapema. Wasimchoshe moyo kwa maneno. Wahehe ni watu wa heshima, na walipoambiwa kimya ni heshima, walitii. Leokadia alizikwa kwa minong'ono. Nilikuwepo. Nilisema moyoni kwamba ni mazishi yaliyotulia kuliko yote niliyowahi kuona, na mimi mtoto wa Upareni, ambako hata kwenye kaburi watu wanaweza kudai mpaka wa shamba.

Kesho yake mchana nilikaa ofisini, nikafungua ukurasa wa Mzee Kihwele kwenye kioo. Nikaandika tisa. Nikaandika nne. Kidole kilibaki hewani juu ya neno THIBITISHA. Nikafuta. Nikaandika tena. Nilikuwa najiambia kwamba nitamwangalia mwenyewe kila siku, nitapanda naye, nitakuwa mimi ndiye macho ya mgongo. Bila shaka mwenzangu wa Mlima wa Pili alijiambia hayo hayo.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Dafroza Ngonyani, mpishi wa jiko la wachukuzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kupigia mbiu. Alikuwa Songea kwa bintiye aliyejifungua, na begi lake lilikuwa bado begani.

"Ni kweli Leokadia?"

"Pole, dada Dafroza. Ni kweli."

Akakaa kwenye sakafu, begi na yote, akalia kidogo bila sauti. Kisha akajipangusa kwa kanga.

"Nani alimtania mzee?"

"Vipi?"

"Nani alimtania? Msibani. Mimi ndiye Mngoni pekee hapa mlimani na sikuwepo. Nani alishika zamu?"

"Hakuna. Kulikuwa na siku za kimya."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nimewahi kugombezwa na watu wengi, ila sijawahi kutazamwa vile.

"Mmemzika mtu bila mtani," akasema. "Halafu mkafunga mlango, mkamwacha Kihwele ndani na maiti."

"Maiti ilishazikwa, dada."

"Imezikwa wapi? Wewe na kioo chako umeona imezikwa? Huyo mzee amebeba mke wake mgongoni mwezi mzima, nyinyi mnampima jiwe."

Akainuka akatoka. Nilikwenda nyuma yake. Nilijiambia ni kwa sababu ya kupe.

*

Nyumba ya Mzee Kihwele ilikuwa safi kupita kiasi. Alikuwa ameketi kibarazani mikono imelala mapajani. Dafroza hakumwamkia. Alipita mbele yake kana kwamba ni nguzo, akaingia ndani, na tukasikia sufuria zinagongana. Alipotoka, alikuwa amevaa kitenge cha Leokadia cha zambarau, amefunga kilemba cha Leokadia, na ameshika kiuno upande wa kulia kwa mkono, vile vile Leokadia alivyokuwa akishika akipanda ngazi.

Nilitaka kumzuia. Nilidhani ni ukatili.

"Baba Gaude," akasema, kama Leokadia alivyokuwa akimwita mumewe, na ilikuwa sauti ya marehemu, ile iliyokuwa ikipanda mwishoni kama inayouliza bei. "Nimeondoka juzi tu, sufuria zimeota kutu. Kule nilikokwenda wananiuliza, mumeo nani? Namtaja kwa kunong'ona, naona aibu."

Mzee Kihwele aliinua uso. Kioo changu kilisema mia na tano.

"Wamenipa nyumba nzuri huko," Dafroza akaendelea, akitembea huku na huku. "Nimekataa. Nimewaambia mume wangu Mhehe, akija atataka mlango unaotazama kilabu cha pombe ya ulanzi. Hebu nitengenezeeni upya."

"Mngoni," Mzee Kihwele akasema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Toka kwangu. Nenda kwenu ukachimbe panya wa kula."

"Panya wamekwisha. Nimekuja kwa kuku wako." Na kweli akainama, akamkamata kuku aliyekuwa anapita, akambana kwapani. "Huyu ni wangu. Mshahara wa kukuzikia mke. Babu zako walipokuwa wanakimbia mikuki yetu waliacha ng'ombe, wewe kuku mmoja unamng'ang'ania?"

"Waliokimbia ni nyinyi. Mlikimbia mpaka Songea, mkachoka, mkasema hapa ndipo tulipokuwa tunakuja."

Mtu alicheka nje ya ua. Nikageuka, watu walikuwa wamejaa kwenye fensi: Erasto, mama wa jirani na mtoto mgongoni, wachukuzi waliokuwa wanashuka njiani. Wangeondoka kwa heshima, lakini mlango wa ua ulikuwa wazi na Dafroza alishawaona.

"Ingieni mkale," akawaita kwa sauti ya Leokadia. "Mume wangu bahili, ila mimi nimeshakufa, hawezi kunizuia."

Wakaingia. Dafroza akaenda mlangoni, akaufunga kwa kisigino bila kugeuka nyuma. Ni kitendo kidogo sana. Lakini Leokadia alifunga mlango hivyo kila siku ya ndoa yake, mikono imejaa kuni au maji, na mumewe aliupokea ule mlio wa mlango kama mtu aliyepigwa kifuani. Alicheka. Alicheka mpaka akainama, na alipoinuka alikuwa analia, mdomo wazi kabisa, kwa sauti ambayo sijawahi kusikia mwanamume wa Itundilo akiitoa.

Kioo kikawa chekundu. MAPIGO 148. MTENGE MHUSIKA. MPELEKE KWENYE KIMYA.

Dafroza alikiona. Hakuacha kuigiza, ila macho yake yalikuja kwangu yakasubiri. Watu wote waliokuwa na kupe pale walijua maana ya ile rangi. Neno langu moja lingetosha. Kanuni ilikuwa upande wangu, na yule kijana wa Mlima wa Pili na shuka lake alikuwa upande wangu pia. Nilikuwa naogopa kweli.

Nikapiga magoti kando ya Mzee Kihwele nikamshika kifundo cha mkono, kwa vidole, kama tulivyofundishwa siku ya kwanza chuoni kabla hatujapewa mashine. Moyo ulikuwa unakimbia. Ulikuwa unakimbia sana, ila haukujikwaa hata mara moja. Pigo lilifuata pigo, zito na sawa, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Ule haukuwa moyo unaoshindwa. Ulikuwa moyo unaofanya kitu.

"Endelea, dada," nikasema.

Akaendelea. Alimwigiza Leokadia akigombana na mbuzi, Leokadia akiimba kanisani nje ya sauti, Leokadia akimfokea Bwana Msigwa utotoni kwa kuiba matunda. Watu wakaanza kuongeza ya kwao. Mama wa jirani akakumbuka siku marehemu alipomfukuza afisa wa ardhi na mwiko. Pombe ya komoni ikatokea, sijui kwa nani. Kuku alichinjwa. Mzee Kihwele alicheka na kulia na kutukana Wangoni, na mimi sikumwachia mkono, na chini ya vidole vyangu mbio zikaanza kupungua.

Alilala pale pale amekaa, kichwa kwenye ukuta, watu wakibishana na kucheka kumzunguka, sufuria zikigongana, mtoto akilia. Mia na kumi. Tisini. Sabini na nane. Nilidhani kioo kimeharibika, nikalinganisha na vidole. Kilikuwa sawa.

Kikafika sitini na moja, kikatulia hapo.

*

Bwana Msigwa alikuja jua likiwa limegusa mlima. Alisimama langoni na kelele zile zikampiga usoni. Nilimwonyesha kioo kabla hajauliza.

"Sitini na moja," akasoma. "Umempima wapi?"

"Hapa."

"Chumba kilikuwa kimya?"

"Kilikuwa na watu kama ishirini, mtoto mchanga, na Mngoni."

Hakucheka. "Hilo siyo pumziko kwa kanuni."

"Mtazame, mwenyekiti."

Akamtazama. Mzee Kihwele alikuwa anakoroma, mdomo wazi, mfupa wa kuku mkononi.

"Tuliwafundisha kupe kwamba mtu anapumzika akiwa peke yake," nikasema. "Sijui nani alifanya utafiti huo, na kwa watu gani. Huyu akiwa peke yake ndipo anapobeba."

Alirudisha macho kwenye kioo. "Na lile swali? Jua linazama."

Swali lilikuwa bado pale, limenisubiri tangu jana. KAZI AU SIYO KAZI? Sikuhitaji kufikiri tena. Niligusa KAZI.

"Nakijwa. Kazi gani? Alikuwa amesimama. Hana hata hatua moja."

"Alikuwa anazika."

"Ofisi ya mkoa wataniuliza ni kazi ya nani."

"Ni ya kwetu sote, ila tulimwachia peke yake. Naomba yale majibu mawili ya mwanzo pia yafunguliwe, niliyajibu vibaya. Apewe mapumziko yake yote."

"Halafu kila mwenye msiba atataka hivyo hivyo."

"Kila mwenye msiba."

Alitazama chini, akasugua ardhi kwa ncha ya kiatu. Nilidhani anatafuta kanuni ya kunijibu nayo. Ndani ya ua Dafroza alikuwa ameanza tena ile ya matunda ya kuibwa, kwa sauti ya Leokadia akiwa msichana, na nikaona mabega ya mwenyekiti yanatikisika.

"Yalikuwa maparachichi," akasema, uso umelowa. "Na hakunifokea. Alinipiga." Akaingia ndani, akatafuta pa kukaa.

Mzee Kihwele alichukua mapumziko yake, ingawa alinung'unika. Kisha asubuhi moja ya mawingu alivaa mgongo wake akapanda na jiwe. Nilikuwa chini, macho kwenye kioo. Kwenye kona ile alisimama, akatazama juu makaburini, na mapigo yakapanda kama zamani. Mgongo haukumkalisha. Safari hii moyo wake ulikuwa umeamka kwenye sitini na kitu, haukufika kiwango cha kukalishwa, kwa hiyo mgongo ukaona amelemewa tu, ukauchukua uzito wote wa jiwe kutoka mabegani mwake ukamwacha asimame kadiri alivyotaka.

"Mhehe!" Dafroza akapiga kelele kutoka jikoni. "Jiwe linaota mizizi!"

"Panya wako anaungua!" akajibu, akaendelea kupanda.

Kupe aliniuliza swali lake. Nikajibu. Juu, chini ya makaburi, nilimwona akiliweka jiwe kwenye ukuta, akiligeuza, akiligeuza tena mpaka lilipokaa, kisha akalipigapiga kwa kiganja mara mbili kama mtu anayemuaga mwenzake. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka, naye akashuka kufuata jingine.